Nani Alisema Maziwa ya Mama ni Bure?

Kiswahili kina neno lenye sura mbili: bure. Ukipewa kitu bure, hukutoa senti. Ukihangaika bure, umemaliza nguvu zako na hakuna aliyeona. Neno hilo lilinikaa kichwani siku moja nikiwa kwenye benchi la kliniki na mwanangu wa pili, muuguzi amesimama mbele yetu na daftari lake anatusomea: maziwa ya mama yana kila kitu, yapo tayari usiku na mchana, hayachemshwi, hayaharibiki, na zaidi ya yote ni ya bure. Dada aliyekaa pembeni yangu alikuwa amebakiza siku tisa za likizo. Aliguna, akamgeuzia mtoto ziwa la pili, akaninong'oneza, "Bure kwa nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, ila ni refu kidogo.

Sayansi ya yule muuguzi sina ugomvi nayo, au tuseme nina ugomvi mdogo tu. Maziwa ya kopo kwa sehemu kubwa ni maziwa ya ng'ombe yaliyofumuliwa na kushonwa upya: protini imepunguzwa ili figo za mtoto zisielemewe, mafuta ya ng'ombe yametolewa yakawekwa ya mimea, kisha zikaongezwa vitamini na madini. Mtoto anayeyanywa yakiwa yamekorogwa sawasawa kwa maji safi atanenepa, atatambaa, ataenda shule. Kinachokosekana ndani ya kopo ni vitu hai. Mama akipanda daladala yenye abiria sitini wanaokohoa, mwili wake unatengeneza kingamwili za kupambana na hicho kikohozi, na kingamwili hizo zinashuka mpaka kwenye ziwa. Kopo halipandi daladala. Na yale maziwa ya njano ya siku za mwanzo, dang'a, ambayo bibi zetu wengine waliyakamua na kuyamwaga wakidhani ni uchafu, ndiyo yenye kingamwili nyingi kuliko yote yanayofuata.

Kupima faida hizi ni kazi ngumu, kwa sababu wanaonyonyesha na wasionyonyesha mara nyingi hutofautiana pia kwa kipato, elimu na afya. Huwezi kuwapigia kura watoto, huyu anyonye, huyu apewe kopo, na kamati ya maadili ikakusaini. Watafiti wakapitia mlango wa uani kule Belarus mwaka 1996 na 1997. Kura waliipiga kwa hospitali, 31 kwa jumla: baadhi wahudumu wake wafundishwe namna ya kumsaidia mama anayenyonyesha, nyingine ziendelee na mazoea yao. Wakafuatilia watoto 17,046. Walipofika miezi mitatu, asilimia 43.3 ya watoto wa kundi la kwanza walikuwa wananyonya bila kupewa kitu kingine; kundi la pili asilimia 6.4 tu. Hadi kutimiza mwaka, maambukizi ya tumbo yaliwapata asilimia 9.1 upande mmoja na 13.2 upande wa pili. Ukurutu wa ngozi ulipungua karibu nusu.

Ugomvi wangu mdogo uko hapa. Watoto wale wale wa Belarus walipokua, wale wa kundi la kunyonya hawakuwa wembamba kuliko wenzao, ingawa huku tunaambiwa kunyonyesha kunazuia unene. Akili zao zilipopimwa wakiwa na miaka sita na nusu zilionekana juu zaidi, lakini waliowapima walijua mtoto gani katoka hospitali gani, na walipofika miaka 16 tofauti ilikuwa imenywea sana. Kwa hiyo nikisikia mama anaambiwa mwanawe wa kopo atakuwa mzito darasani, nafumba macho. Jambo la kweli halihitaji kutiwa chumvi. Kinga dhidi ya kuhara na nimonia inatosha yenyewe: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kama kunyonyesha kungefikia kiwango kizuri karibu duniani kote, vifo vya watoto 823,000 kwa mwaka vingezuilika, pamoja na vifo 20,000 vya kina mama kwa saratani ya matiti. Kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha katika maisha yake, hatari yake ya saratani hiyo inashuka kwa asilimia 4.3. Hilo la pili sikuwahi kulisikia kliniki. Tunaambiwa faida za mtoto, za mama zinasahaulika, kana kwamba ziwa halina mwenyewe.

Na kuna jambo jingine kuhusu Belarus ambalo haliandikwi kwenye mabango. Wakati utafiti ule unafanyika, mama mzazi kule alikuwa na likizo ya miaka mitatu.

Nimesema hakuna atakayekubali kuwapigia kura watoto. Iliwahi kutokea, tena hapa hapa kwetu. Nairobi, kuanzia Novemba 1992 hadi Julai 1998, wajawazito 425 wenye VVU waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wanyonyeshe, nusu wawape watoto kopo. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo kwa mwanamke wa kawaida wa Afrika, na ilishajulikana kwamba virusi hupita kwenye maziwa. Kilichobishaniwa ni kipi kinaua zaidi, virusi au maji ya kukorogea.

Majibu yake nayarudia kila ninapokutana na mtu mwenye uhakika mwingi. Watoto walionyonya waliambukizwa kwa asilimia 36.7 hadi kufikia miaka miwili, wa kopo kwa asilimia 20.5. Ushindi wa wazi kwa kopo, au siyo? Sasa tazama vifo. Katika miaka hiyo miwili walikufa asilimia 24.4 ya walionyonya na asilimia 20.0 ya wa kopo, tofauti ndogo kiasi kwamba huwezi kuapa si bahati tu. Na hawa wa kopo walipewa maziwa bila malipo, mama zao walikuwa na maji ya bomba na walifundishwa kukoroga. Yaani kopo lilimwepusha mtoto na virusi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine likamnyang'anya kinga ya kila kitu kingine. Na hiyo ndiyo hali nzuri kabisa ambayo kopo lingeweza kuipata Afrika Mashariki ya miaka ile.

Hali mbaya ilionekana Botswana. Serikali yao, kwa nia njema na fedha za almasi, ilikuwa inagawa maziwa ya kopo kwa kina mama wenye VVU. Ya bure, nayo. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua zilinyesha kuliko kawaida, maji yakachafuka, ukaja mlipuko wa kuhara. Zaidi ya watoto 500 wa chini ya miaka mitano walikufa, na wachunguzi walipopita wodini walikuta wengi wa waliolazwa ni watoto wasionyonya. Wengi wao hawakuwa na VVU hata kidogo. Walikingwa na ugonjwa mmoja wakaachwa wazi kwa mwingine.

Huku kwetu kopo lilikuwa na adhabu yake ya ziada. Enzi zile mwanamke akionekana anakoroga maziwa ya unga badala ya kunyonyesha, mtaa mzima ulishajua. Wifi atauliza, mama mkwe atauliza, jirani hatauliza ila atasema. Kwa hiyo wengine walifanya yote mawili: kopo usiku mlango umefungwa, ziwa mchana mbele za watu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia mbaya kuliko zote. Utafiti wa Durban uliotoka mwaka 1999 ulionyesha kwamba mtoto anayenyonya tu, bila maji wala uji wala kopo, alikuwa na hatari ndogo ya kuambukizwa kuliko anayechanganyiwa. Inadhaniwa vyakula vingine vinauchubua utumbo mchanga na kuvifungulia virusi njia.

Suluhisho halikutoka kwenye ziwa wala kwenye kopo. Lilitoka kwenye kidonge. Mmoja wa utafiti uliofungua njia ulifanyika Mombasa, Nairobi, Burkina Faso na Afrika Kusini, na ulipewa jina la Kiswahili safi, Kesho Bora. Mama akimeza dawa tatu wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha, maambukizi kwa watoto hadi mwaka mmoja yalikuwa asilimia 5.4, badala ya 9.5 kwa utaratibu wa kabla. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo, mwaka uliofuata Malawi ikaanza kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha, Tanzania ikafuata 2013, na leo mama mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri anashauriwa anyonyeshe hadi miaka miwili.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa makusudi. Tukilinganisha ziwa na kopo huwa tunalinganisha vimiminika viwili, kama tunapima petroli. Nairobi na Botswana zinaonyesha kwamba mizani inategemea bomba, mvua, jiko la kuchemshia, mama mkwe na kidonge.

Na inategemea kijiko. Jirani yangu mmoja, binti anayeuza duka la vipodozi, alirudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili. Jioni moja nilikuwa kwake wakati anakoroga. Kwenye kopo wameandika vijiko vinne kwa maji yale. Akaweka viwili, akatafakari, akaongeza nusu.

"Mdogo wangu, si wameandika vinne?"

"Nimeona, dada. Lakini nikiweka vinne kopo linaisha tarehe 20. Zile siku kumi zilizobaki atakunywa nini?"

Chupa ilikuwa nyeupe, inafanana kabisa na chupa yenye maziwa ya kutosha. Mtoto akainyonya yote na akalala, maana tumbo lililojaa maji nalo linalala. Miezi sita ya kwanza ya kopo peke yake, bila kubania, inahitaji kama kilo 20 za unga, makopo 40 ya nusu kilo. Nenda duka la dawa la mtaani kwako uulize bei, kisha zidisha. Weka na mkaa au gesi, kwa sababu maji yanatakiwa yawe na joto lisilopungua nyuzi 70 wakati wa kukoroga. Unga ule hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu kabisa, kinyume na watu wengi wanavyodhani, na joto hilo ndilo linaloviua.

Kampuni za maziwa zinayajua yote haya kitambo. Mwaka 1939, daktari Cicely Williams alisimama mbele ya Rotary Club ya Singapore akasema wazi kwamba kuwahadaa kina mama waache kunyonyesha ni sawa na kuua. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za Nestlé kwa sababu ya namna ilivyokuwa ikitangaza maziwa ya unga katika nchi maskini. Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo kwa kura 118. Moja tu ilipinga, ya Marekani. Tanzania ilitunga kanuni zake 1994 na kuzifanyia marekebisho 2013, Kenya ikatunga sheria mwaka 2012. Ndiyo maana kopo la maziwa ya mtoto mchanga hapa halitakiwi kuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka. Sasa matangazo yamehamia kwenye simu, ambako hakuna mkaguzi wa rafu, lakini sitaki kuwapa kampuni sifa zisizo zao. Huku kwetu kopo si adui mkuu wa ziwa. Wengi hawalimudu.

Adui mkuu ni maji na uji. Kwa takwimu za kitaifa za 2022, asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita Tanzania walikuwa wananyonya tu bila kitu kingine, kutoka asilimia 59 ya mwaka 2015/16. Si haba. Lakini idadi huporomoka mtoto anapofika mwezi wa nne na wa tano, na wanaporomokea kwenye kikombe cha maji "maana kuna joto", na kwenye uji "maana hashibi". Kila mama aliyenyonyesha anamfahamu huyo hashibi. Mtoto akilia saa moja jioni, shangazi anatangaza: maziwa ni mepesi, hayatoshi. Anapewa uji, uji unajaza tumbo, ananyonya kidogo, na ziwa lisilokamuliwa linapunguza kutengeneza. Baada ya wiki mbili maziwa kweli hayatoshi, na shangazi alisema. Mtoto akidhoofika, yanaanza mengine: wazazi wamembemenda, wamekutana kimwili kabla ya wakati, waulizwe. Mama anabeba na hilo. Baba, kwa namna ninavyoona mimi, hulibeba kwa nadra.

Wapo ambao maziwa hayatoki kweli: waliofanyiwa upasuaji wa matiti, wenye matatizo ya homoni, waliopoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Wapo watoto walioachwa na marehemu mama. Kwa hawa kopo ni dawa, na anayewanyanyapaa afunge mdomo. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019 kwa ajili ya vichanga wa namna hiyo, maziwa yaliyotolewa na kina mama wengine na kuchemshwa kitaalamu. Huku pwani swali la kwanza kuhusu benki kama hiyo litakuwa: je, hawa sasa ni ndugu wa kunyonya, na wakikua wataoana? Ni swali la haki na linataka majibu ya masheikh kabla ya majokofu.

Nimewataja masheikh, basi niseme na hili, kwa sababu dada wa kwenye benchi angelipenda. Suratul Baqara, aya ya 233, inazungumzia mama kunyonyesha miaka miwili kamili, na papo hapo, ndani ya aya hiyo hiyo, inamtwika baba chakula na mavazi ya mama kwa wema. Suratu Talaq, aya ya 6, inakwenda mbali zaidi: mke aliyeachwa akikunyonyeshea mwanao, mpe ujira wake. Ujira. Miaka elfu moja na mia nne iliyopita kunyonyesha kulihesabiwa kuwa kazi yenye malipo, na sisi leo tunabandika ukutani kwamba ni bure.

Tufanye hesabu basi. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi 12 kwa siku. Chukua kumi, dakika 25 kila mara: ni zaidi ya saa nne kwa siku, kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Kwa siku 180 ni saa 750. Ukizigawa kwa saa nane za kazi unapata siku 94 za kazi. Ongeza chakula: mwili wa mama anayenyonyesha unadai kama kalori 500 zaidi kwa siku, tuseme chapati mbili, na nani anamwongezea chapati? Wachaga wanampa mzazi mtori, pwani tunampa uji wa pilipili manga, lakini hiyo ni ya arobaini. Siku ya 41 anakula alichobakiza.

Upande wa pili wa daftari weka sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Serikali hiyo hiyo inamwambia anyonyeshe siku 180 bila kitu kingine. Zinapungua siku 96. (Ukifananisha na zile 94 utaona kama nimepanga, sikupanga.) Akianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, anabakiwa na 56 tu za kukaa na mtoto. Hata kiwango cha chini cha Shirika la Kazi Duniani, wiki 14, hatujakifikia. Marekebisho ya 2025 yamewakumbuka waliojifungua mtoto njiti, wanaongezewa wiki zilizokuwa zimebaki kufikia 40 za ujauzito, na hilo nalipigia makofi. Baba wa njiti anapata siku saba. Baba wengine ni tatu.

Sheria inasema pia kwamba mama anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi akamnyonyeshe mtoto. Aliyeiandika bila shaka alikuwa anakaa jirani na ofisi. Kazi iko Posta, mtoto yuko Mbagala. Saa mbili hizo zinaishia kwenye foleni kabla hujamwona mtoto, achilia mbali kurudi.

Kwa hiyo unakamua. Mimi nilikamulia stoo, nimekalia boksi la karatasi, ndoo ya deki upande huu, feni mbovu upande ule, mlango nimeuzuia kwa mguu kwa sababu hauna komeo. Ziwa lina akili zake. Ukiwa na wasiwasi maziwa hayashuki. Unatazama picha ya mtoto kwenye simu, unavuta pumzi, yanaanza kudondoka, halafu mlango unagongwa: "Mama, umemaliza? Nachukua rimu moja tu." Yanakata. Yale machache niliyopata nilifunga kwenye mfuko mweusi nikaweka kwenye friji ya ofisi, katikati ya viporo, na kila siku kulikuwa na mtu wa kuuliza kwa sauti mfuko huu una nini. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne nje ya friji kama joto halizidi nyuzi 25. Februari, Dar es Salaam, nyuzi 25 utazikuta ndani ya friji za wenye duka la soda. Wiki ya tatu nilishindwa. Nilinunua kopo, mimi niliyesoma makaratasi yote ya Belarus, na nililia dukani kama mjinga.

Kenya walijaribu kulitibu hili. Sheria yao ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, chenye pa kunawia mikono, ubaridi wa kuhifadhia maziwa, meza ndogo na viti, na inataja kabisa kwamba chumba hicho kisiwe chooni. Mtu hatungi sheria ya kukataza choo kama hakuna aliyekuwa anakamulia chooni. Kenya hawa hawa walipandisha kiwango cha kunyonya bila kuchanganya kutoka asilimia 13 mwaka 2003 hadi 32 mwaka 2008/09, kisha 61 mwaka 2014. Ni kupanda kwa ajabu. Halafu 2022 kikasoma 60. Mimi nalisoma hivi: waliokuwa wanahitaji kuelimishwa wameshaelimika, na waliobaki wanajua kila kitu ila hawana muda. Bango la pili halitawaongezea saa.

Kwa sheria hiyo ya ajira, anayetakiwa kulipa likizo hapa Tanzania ni mwajiri, na mwajiri naye ana hesabu zake. Ndiyo maana kwenye usaili binti anaulizwa kwa utani ana mpango gani wa familia. Rwanda wameligawa deni hilo. Kabla ya 2016 mama wa Rwanda alilipwa mshahara kamili wiki sita, na wiki sita zilizofuata akipumzika alipewa asilimia 20 tu. Mwaka huo wakaanzisha mfuko wa uzazi: mfanyakazi anakatwa asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 0.3, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana. Wiki sita za kwanza analipa mwajiri, zinazofuata unalipa mfuko. Baadaye wakaongeza likizo ikafika wiki 14. Kwa mshahara wa shilingi laki tano, asilimia 0.3 ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Anayepanda daladala mbili kwenda kazini anaimaliza kwa siku moja.

Nataka mfuko huo hapa, na nataka ufike siku 180. Lakini najua mahali unapokatikia. Wanawake wengi wa nchi hii hawana mwajiri wa kumpelekea fomu. Mama lishe wa karibu na ofisi yetu alijifungua mwezi wa tatu, na siku ya 26 alikuwa ameshawasha jiko, kwa sababu wateja wakizoea ugali wa mwenzako hawarudi. Likizo yake ilikuwa siku 26, na malipo yake yalikuwa mtaji uliopungua. Mtoto anamlaza kwenye beseni lenye khanga, mbali kidogo na moshi, akilia anambeba na kukaa kwenye kigoda. Mwanawe ana miezi mitano sasa na hajaonja kopo wala uji.

Juzi nilikuwa nimepanga foleni pale. Mbele yangu kijana wa bodaboda amenyoosha mkono: "Mama, chenji yangu, nina abiria."

Hakuinuka. "Abiria wako asubiri, baba," alimwambia. "Huyu anamalizia la pili."